Umeachiwa risiva ya mezani siku mbili, unaipimaje? Na maswali mengine ya wasomaji

Safari hii barua karibu zote zimeangukia sehemu moja, risiva za mezani za masafa mafupi: za kununua, za kurithi, za kulalamikiwa. Ya kwanza nimeijibu kirefu kuliko nilivyopanga na zingine zimebaki na kanafasi kadogo, mtanisamehe.

*

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mi ni msikilizaji wa masafa mafupi, huu mwaka wa sita, na muda wote natumia karedio kangu ka mkononi. Sasa kuna mzee anaachana na mambo ya redio, ana risiva ya mezani nzito kama tofali, kaniachia kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili, kasema we isikilize, ukiipenda tutaongea hela. Kijitabu chake kimeandika sensitiviti (uwezo wa kushika mawimbi dhaifu) 0.2 mikrovolti, nikajua hii itakuwa moto. Nimechomeka waya wangu wa nje wa mita 15, nimefungua stesheni zangu zote za kila siku, zinasikika vizuri ndiyo, ila kusema ukweli na kale karedio zinasikika vizuri vilevile. Nimekosea wapi, au hizi risiva za mezani ni sifa tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea, umeipa tu mtihani rahisi. Stesheni yenye nguvu hata redio ya bei ya kutupa inaishika, na stesheni za kila siku za mtu ni zile zenye nguvu, ndo maana zikawa za kila siku. Umemchukua mbeba mizigo ukampa abebe kikombe cha chai, utamjuaje?

Tuanze na hiyo 0.2 mikrovolti manake ndo inayowalevya wengi. Namba ni ya kweli, ila imepimwa mezani maabara, mashine ya kutengeneza mawimbi imechomekwa moja kwa moja kwenye risiva, hamna radi, hamna jirani. Nyumbani kwa mtu, chini ya megahezi 20 hivi, kelele inayoingia kwa antena (radi za mbali, chaja, taa, TV) ni kubwa kuliko kelele ya risiva yenyewe, kwaiyo ya 0.2 na ya 0.5 zote zinasikia kelele ileile ya nje na stesheni iliyozama humo imezama kwa zote mbili. Fanya hivi leo usiku: tafuta sehemu tupu karibu na megahezi 7, weka SSB (ule mtindo wa kupokea upande mmoja tu wa wimbi), ongeza sauti mpaka usikie ule mvumo kama mvua juu ya bati, alafu chomoa antena. Mvumo ukianguka ghafla na ukichomeka unarudi, sensitiviti inatosha, hiyo namba isahau kabisa. Rudia mchana kwenye 25 au 28 ambako nje kumetulia zaidi. Ukiona kuchomoa antena hakubadilishi chochote hata priampu (kile kikuza mawimbi ya antena) ikiwa imewashwa, hapo kuna kitu kimekufa mbele kule antena inapoingilia, mara nyingi ni radi ilipita karibu siku moja na mwenyewe hakujua.

Antena ikiwa bado imechomolewa usiirudishe kwanza. Zungusha nobu taratibu bendi yote kuanzia megahezi 3 mpaka 30, ukiwa na hedifoni, na kalamu mkononi. Utasikia miluzi hapa na pale, hiyo sio stesheni, ni risiva inajisikia yenyewe, vioksileta vyake (saketi zinazotengeneza mawimbi humo ndani) na ile saketi ya dispilei. Kila risiva inayo. Swali ni mingapi na imekaa wapi. Mluzi mwembamba kwenye 23.4 haukudhuru chochote, mluzi huohuo ukikaa katikati ya bendi unayoipenda utakukera mpaka uiuze. Mi nshanunua risiva zamani, sitaitaja, nilivutwa na dispilei yake nzuri ya rangi ya machungwa, kumbe dispilei ndo ilikuwa na kelele, kila nikishuka chini ya megahezi 4 kunakuwa na mngurumo kama wa friji, nikawa nasikiliza na kitambaa nimefunika ile dispilei utadhani itasaidia.

Sasa msongamano, na hapa ndo hela ya risiva ya mezani inapoenda. Subiri jioni bendi zifunguke, nenda mita 31, yaani kati ya 9400 na 9900 kHz, au mita 41, 7200 hadi 7450. Huko stesheni zinapangwa kila baada ya 5 kHz. Usitafute stesheni nzuri, tafuta mbovu, dhaifu, ambayo upande mmoja ina jirani mwenye nguvu. Weka pale. Utasikia mtu wako anaongea kwa mbali na juu yake kuna mkwaruzo wa jirani, chi-chi-chi kila jirani anapotamka s. Hapo ndo mtihani umeanza. Kwanza badilisha filta, toka 6 kHz njoo 4, kama kuna 2.3 jaribu. Sauti itaanza kujaa pamba, ni kawaida, ila mkwaruzo unatakiwa upungue kwa kiasi kinachosikika, sio kidogokidogo kwa kubahatisha. Ukishuka mpaka filta nyembamba kabisa na jirani bado yumo, filta hizo ni za jina tu.

Kwenye kijitabu angalia namba mbili, sio moja. Watakwambia filta ni 6 kHz, huo ni upana wake pale mawimbi yakiwa yamepunguzwa desibeli 6. Tafuta wameandika ngapi kwenye desibeli 60. Ikiwa 6 juu na 12 chini, uwiano ni 2, hiyo ni kazi nzuri. Ikiwa 6 juu na 20 chini basi hiyo filta imekaa kama hema, kileleni nyembamba chini pana, na jirani wako anaingilia pale chini kwenye upana. Unataka filta iliyosimama kama ukuta wa nyumba. Kijitabu ambacho hakitoi namba ya pili kabisa, mi huwa najiuliza kwanini.

Alafu kuna ile nobu ya kuhamisha filta pembeni bila kuhamisha stesheni, wengine wanaiandika PBT, wengine IF shift. Izungushe kumkimbia jirani. Kwenye risiva nzuri unamsikia anatoka, kama mtu anafunga mlango polepole. Na kuna ujanja mwingine, weka SSB kwenye stesheni ya kawaida ya AM, chagua upande ule usio na jirani, LSB (wa chini) au USB (wa juu), tuni mpaka sauti ya mtu iwe ya mtu. Hii inahitaji risiva inayosogea kwa hatua ndogo, 10 Hz au chini ya hapo, kama inaruka kwa 100 Hz basi muziki utakuwa unaimbwa na walevi.

Ikiwa na detekta ya sinkronasi, wengi wanaita sinki tu, itafutie stesheni inayofifia. Unajua ile hali sauti inakoroma ghafla, inapasuka alafu inarudi? Pale wimbi mama (lile linalobeba sauti) limefifia kabla ya pande zake, detekta ya kawaida inachanganyikiwa. Sinki inatengeneza wimbi mama lake humohumo ndani inalichomeka badala ya lile lililopotea. Kwaiyo iwashe, weka saa, dakika kumi. Hesabu mara ngapi imeachia. Ikiachia utasikia tu, inapiga mluzi unaoshuka fyuuuu alafu inashika tena. Mara moja au mbili kwenye ufifiaji mkali sio mbaya. Ikiwa inapiga miluzi kila nusu dakika basi utaizima siku ya pili na hutaiwasha tena, na hapo ujue ulilipia kitufe. Angalia pia kama inakuruhusu kuchagua upande, sinki isiyochagua upande ni nusu ya faida.

Mtihani wa nguvu. Huo waya wako wa mita 15 usiku unaleta mawimbi makali ya bendi zote kwa pamoja na risiva lazima iyavumilie yote hata kama unasikiliza moja. Risiva dhaifu inayachanganya humo ndani na kuzaa mizimu, stesheni ambazo hazipo. Nenda sehemu za katikati ambako hakuna bendi ya utangazaji, ukisikia mtu anahutubia au muziki kwa mbali, shuku. Bonyeza ile swichi ya kupunguza nguvu ya antena, ATT, sema ni desibeli 10. Stesheni ya kweli itashuka desibeli 10, utaisikia bado ipo. Mzimu unashuka 20 au 30 kutegemea umezaliwaje, kwa hiyo unapotea kama uliowashiwa taa. Sasa fanya hivyohivyo na karedio kako, chomeka waya uleule. Hapa nadhani utacheka peke yako, manake redio nyingi za mkononi ukizichomeka waya mrefu zinakuwa sokoni, kila kona kuna mtu anaongea. Hiyo ndo tofauti uliyokuwa unaitafuta kwenye stesheni za kila siku ukaikosa.

Kuna mtihani mwingine wa bure ambao mi naupenda kuliko yote. Kwenye 14.100 MHz kuna mtandao wa vinara vya redio amateri (vituo vinavyorusha alama tu ili watu wapime anga), vituo 18 vimetawanywa duniani, Japan, Peru, Ufini, Sri Lanka, Afrika Kusini na kwingine, vinapokezana kila sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila kimoja kinapiga jina lake kwa Morse (zile nukta na mistari) alafu kinatoa mistari minne, tiii tiii tiii tiii, wa kwanza wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Weka CW (mtindo wa kusikiliza Morse), filta nyembamba, kaa na karatasi, andika umesikia mistari mingapi kwa kila kituo. Mzunguko mmoja kwa risiva, unahamisha antena, mzunguko unaofuata kwa karedio (kama kana SSB), unarudia mara tano sita hivi manake anga inabadilika na mzunguko mmoja unaweza kukudanganya. Morse hata usipoijua haijalishi, unahesabu mistari tu. Mtu akikwambia risiva yake inasikia kuliko yako mwambie alete karatasi. Masafa mengine ya vinara hivyohivyo ni 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200, mchana hizo za juu ndo zinaweza kuwa hai.

Mwisho uhakika wa frikwensi. Stesheni ya WWV ya Colorado, Marekani, inarusha saa kwenye megahezi 5, 10, 15 na zingine, BPM ya China nayo iko 5, 10 na 15. Yoyote unayoisikia. Chukua ile ya 10: weka 9.999 kwenye USB, sikiliza toni, alafu weka 10.001 kwenye LSB. Toni zikilingana risiva iko sawa, moja ikiwa juu na nyingine chini imekosea, na nusu ya tofauti ndo kosa lake. Fanya ikiwa imewashwa sasa hivi ya baridi, alafu baada ya saa moja. Kusogea hertzi ishirini thelathini usijali. Ikisogea mia tatu, yule unayemsikiliza kwenye SSB ataanza kuongea kama bata wewe ukiwa umeenda kunywa maji.

Na Jumapili kabla hujairudisha, kaa nayo saa tatu mfululizo bila kupima kitu. Sikiliza tu. Uone nobu kubwa inarukaruka namba au inatembea laini, kitufe unachokitumia kila dakika kimefichwa kwenye menyu ya tatu au kiko mbele, spika inachosha masikio au haichoshi (jaribu na spika ya nje, nyingi za ndani ni mbovu hata kwenye risiva za maana). Hili halimo kwenye kijitabu chochote na watu wengi wanauza risiva zao kwa sababu hii, sio kwa sababu ya mikrovolti. AOR AR7030 kwa mfano, ya Uingereza, ya miaka ya 90, uwezo wake wa kuvumilia mawimbi makali unasifiwa mpaka leo, ila ina nobu chache na menyu nyingi na rimoti kama ya TV, kuna watu wanaipenda hivyohivyo na kuna watu waliirudisha. Drake R8 ya Marekani iliyotoka 1991 nayo ina filta tano, 6, 4, 2.3, 1.8 na 0.5, zote zinachaguliwa kutokea mbele, mtu anayehangaika na msongamano kila usiku ananielewa.

Zaidi sina, we kapime. Na usimwambie mzee bei kabla ya Jumapili.

*

SWALI: Mambo vipi mhariri. Tunabishana na rafiki yangu, stesheni moja, antena moja, kwangu mita ya nguvu ya mawimbi inasoma S9 na 20 juu, kwake inasoma S7. Ya nani ni bora?

JIBU: Hakuna, na naomba muache. IARU (shirikisho la kimataifa la redio amateri) Kanda ya 1 walipendekeza tangu 1981 kwamba kwenye masafa mafupi S9 iwe mikrovolti 50 kwenye omu 50 na kila S moja chini yake ni desibeli 6, pendekezo zuri sana, watengenezaji wengi wakalisoma wakaendelea na mambo yao. Kuna mita ambazo S moja ni desibeli 3, chini ya S4 hazitingishiki kabisa, na juu ya S9 zinaruka kama panzi. Ukiwasha priampu yako itapanda na stesheni haitasikika vizuri hata tone. Kwaiyo mita yako itumie kulinganisha antena mbili kwenye risiva yako hiyohiyo, usilinganishe na ya mwenzio. Nyie hesabuni ile mistari ya 14.100 niliyosema juu.

*

SWALI: Habari za kazi kaka. Nilinunua risiva nzuri tu ya mezani, mwezi wa kwanza nilifurahi, sasa bendi yote chini ya 10 MHz ina mvumo zzzzz usiku, mchana una nafuu. Nimempelekea fundi kafungua kasema haina ubaya, kanitoza. Nikihisi risiva imeanza kufa nakosea?

JIBU: Nzuri dada. Fundi nadhani yuko sahihi ingawa angekuuliza swali moja kabla ya kushika bisibisi: nini kinawaka usiku nyumbani kwako na kwa majirani ambacho mchana kimezimwa? Mvumo unaokuja giza likiingia na kuondoka asubuhi mara nyingi ni taa za LED za aina hafifu, chaja, au TV. Ndani ya hivyo vidude kuna saketi inayokata umeme mara maelfu kwa sekunde na nyaya za nyumba zinakuwa ndo antena yake.

Pima hivi. Risiva nyingi za mezani zinakubali volti 12 hadi 13.8 DC, soma nyuma yake uhakikishe, na uangalie chanya na hasi usije ukachoma. Tafuta betri ya gari au ya pikipiki, iunganishe, risiva iwe inakula betri tu. Tega usiku kwenye mvumo wako, alafu nenda kwenye swichi kuu uzime umeme wa nyumba nzima. Mvumo ukifa, mwizi yuko ndani kwako, washa swichi ndogo moja moja mpaka arudi. Usipokufa, yuko kwa jirani na hapo inabidi uende kistaarabu, usianze na neno la kwamba taa zako zinaniharibia redio.

Ile redio ndogo uliyoiacha kabatini itoe, ndo mbwa wako wa kunusa. Iweke mawimbi ya kati sehemu isiyo na stesheni, tembea nayo chumba kwa chumba, isogeze karibu na kila adapta. Ikikoroma umefika. Na uigeuzegeuze, ile fito nyeusi ya feraiti ya ndani inasikia pembeni haisikii kwenye ncha zake, kwaiyo sauti ikipungua kabisa, ncha ya fito ndo inaelekea kwenye kelele au inaipa mgongo.

Ukishampata, kibadilishe, au zungusha waya wake mara kadhaa kwenye pete ya feraiti. Na antena yako uitoe nyumbani: waya unaoanzia dirishani ukapita juu ya dari unavuta uchafu wote wa nyumba. Iweke mbali uwezavyo, iletwe ndani na waya wa koaksio. Kama nafasi hamna jaribu antena ya kitanzi, ile unayoigeuza kama usukani, utapata mahali kelele inazama na stesheni inabaki. Mi hii ndo imeniokoa, kuliko risiva yoyote niliyonunua.

*

SWALI: Kijana wangu ananicheka. Anasema risiva za mezani zimepitwa, yeye ana kidude cha SDR (redio inayoendeshwa na programu ya kompyuta) kidogo kama flashi, laptopu inamwonyesha bendi nzima. Nimjibu nini?

JIBU: Mwambie sogea nione na mimi. Kuona bendi nzima ni jambo kubwa, stesheni inafunguka unaiona inachomoza kama jani kabla hujaisikia, na anaweza kurekodi bendi yote akaisikiliza kesho. Hilo la kupitwa ndo sikubaliani nalo, manake vile vidude vidogo vya chipu ya RTL2832U vinasoma mawimbi kwa biti 8 tu, usiku ukivipa waya mrefu bila filta mbele vinajaa haraka na mizimu yote inaonekana kwenye skrini, mizuri kabisa, ya rangi. Vya biti 14 au 16 ni habari nyingine. Na mipaka yenyewe imeshapotea, Icom IC-R8600 iliyotoka 2017 ni risiva ya mezani yenye nobu na vyote, inaenda 10 kHz mpaka 3 GHz, na skrini yake inakuonyesha bendi kama ya kijana.

Kitu kimoja mkitumie pamoja: Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, wana risiva iko hewani kwenye intaneti, mtu yeyote anaituni mwenyewe kwa kompyuta, inafunika karibu masafa mafupi yote. Ukishindwa kujua ile stesheni dhaifu ni nani, nenda uone kwao inasikikaje. Usiitumie kusema risiva yako mbovu, wao wako kwenye anga yao na wewe yako.

Mi natumia nobu. Napenda kitu kinachozunguka mkononi, na laptopu yenyewe ina chaja, na chaja tumeshaongea habari zake.

*

SWALI: Marehemu mjomba kaniachia Yaesu FRG-7. Haina namba za digitali, ina nobu nyingi, nikizungusha ile ya megahezi kataa kekundu kanawaka na kuzima. Imekaa kabatini miaka mingi. Ni ya kutupa?

JIBU: Pole kwa msiba. Usitupe, tena usimwambie mtu kwamba uliuliza hilo.

Hiyo ni mashine ya miaka ya 70 na ndani yake kuna mzunguko wa Wadley, mbinu ya Trevor Wadley, mhandisi wa Afrika Kusini, iliyopata jina kwenye risiva za Racal RA-17 za Uingereza. Kwa ufupi, oksileta ya kwanza inatumika mara mbili kwa namna ambayo ikiteleza, kosa linajifuta lenyewe, ndo maana redio isiyo na digitali yoyote inakaa palepale ukisikiliza SSB. Kutuni ni hatua tatu. Unaweka nobu ya megahezi, tuseme 9, unaisogeza kidogokidogo mpaka hako kataa KAZIME, kakiwaka maana yake haijashika, wengi wanadhani kinyume na wanasema redio imekufa. Alafu nobu kubwa ya kilohertzi, unaisogeza mpaka kwenye stesheni, jicho likizoea unasoma ndani ya 5 kHz. Mwisho ile ya preselekta (inayochuja bendi kabla mawimbi hayajaingia ndani), unaizungusha taratibu mpaka mvumo na sindano vifike juu kabisa. Hii ya tatu usiiruke, ukiiruka utasikia stesheni za mahali pengine au husikii kitu.

Udhaifu wake ni filta, ni pana, kwenye ule msongamano wa mita 31 itakutesa, na watu wengi waliibadilishia filta ikawa nyembamba zaidi, kwaiyo angalia kama mjomba naye alifanya.

Ila usiichomeke ukutani leo. Kapasita za elektrolaiti za umri huo zikikaa bila umeme zinachoka, ukizipa umeme wote kwa mkupuo zinaweza kuvimba au kupasuka. Mpelekee fundi azipime zile kubwa za pawa kwanza, kisha aiwashe kwa umeme unaopandishwa polepole, au kwa kupitia balbu ya zamani ya wati 40 au 60 iliyofungwa mfululizo na waya wa moto. Balbu ikiwaka kidogo alafu ikafifia, nzuri. Ikiwaka kwa nguvu ikabaki hivyo, chomoa, kuna shoti. Swichi na potenshometa zikikwaruza ni kutu na vumbi, dawa ya kusafishia kontakti na kuzungusha mara ishirini thelathini. Zile koili zenye skurubu juu yake usiguse hata moja, hata kama zinaonekana zimelegea, mjomba aliziacha zilivyo kwa sababu.